Karatasi za Kufungia Senti

Iko michezo ambayo mtu akiwaeleza ndugu zake, hutazamana wao kwa wao kama kwamba msemaji ameshikwa na homa, na mchezo wetu ni mmojawapo. Twaenda benki na dola 25 za noti, twapewa sanduku zito lenye senti 2,500, twalichukua nyumbani begani, twazimwaga mezani, twazitazama zote mojamoja, uso na mgongo, kisha twazifunga upya na kuzirudisha benki. Mgeni wetu mmoja aliyetoka Mwanza alikaa akatuangalia jioni nzima asiseme neno. Mwisho akauliza, "Mwalimu, ujira wa kazi hii hutolewa na nani?" Tulicheka sote, tukampa kiti na rundo lake la kutazama, na ilipopiga saa sita ya usiku ilitubidi kumwomba aende kulala.

Mchezo huu si wa kwetu Afrika ya Mashariki. Ni wa Marekani, nasi tumeukuta hapa Louisville, katika jimbo la Kentucky, tunakokaa na kufundisha. Asili yake ni hii: katika nchi hii sarafu za zamani hazikukatazwa sokoni zilipotoka mpya. Senti iliyopigwa mwaka 1909 ni senti hata leo, nayo yaweza kupita mkononi mwa mwuza mkate asiitambue. Nazo benki huweka sarafu zikiwa zimefungwa kwa karatasi katika vifurushi vya mviringo, mfano wa mshumaa mnene, na kila kifurushi kina hesabu yake isiyobadilika: senti mojamoja ni 50, vipande vya senti tano ni 40, vya senti kumi 50, robo dola 40, nusu dola 20. Vifurushi 50 ndivyo sanduku zima. Basi mwenye subira huvinunua kwa thamani ile ile iliyoandikwa, huvifungua, huchagua anachokitaka, na vinavyobaki huvirudisha kwa thamani ile ile. Ndiyo sababu mchezo huu wawafaa watu wa mshahara mdogo, na walimu ni katika hao.

Msomaji atauliza, kinachotafutwa ni nini? Kwanza ni madini ya fedha. Vipande vya senti kumi, robo dola na nusu dola vilivyopigwa hata mwaka 1964 vilikuwa na fedha sehemu 90 katika 100. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoondoa fedha katika vipande vya senti kumi na robo dola, na katika nusu dola ikaipunguza kuwa sehemu 40, nazo nusu dola zikaendelea hivyo hata mwaka 1970. Watu wa wakati ule hawakulala: waliokota fedha yote waliyoiona ikipita, ndipo leo ikawa adimu kabisa. Walakini si yote iliyokwisha. Mara kwa mara mzee hufariki, wajukuu huvunja kopo lake la akiba bila kulitazama, na ile fedha hurudi sokoni kama mkimbizi anayerudi kijijini baada ya miaka 50.

Pili ni zile senti tano za wakati wa vita. Kuanzia 1942 hata 1945 nikeli ilitakiwa kwa silaha, basi senti tano zikatiwa fedha sehemu 35. Na ili zijulikane, herufi ya kiwanda iliandikwa kubwa juu ya kuba la nyumba ya Thomas Jefferson iliyochorwa mgongoni. Tatu ni senti zenye masuke mawili ya ngano, zilizopigwa tangu 1909 hata 1958. Miongoni mwake zimo za mwaka 1943, zilizopigwa kwa chuma kwa kuwa shaba nayo ilikwenda vitani. Nne ni senti za shaba za kabla ya 1982. Mwaka ule waliacha shaba wakatumia zinki iliyopakwa shaba juu, na uzito ukashuka kutoka gramu 3.11 hata gramu 2.5. Mtu aliyezoea huzitambua kwa sauti tu: ya shaba ikidondoka mezani hulia kama kengele ndogo, ya zinki hulia kama kifungo cha shati. (Kuziyeyusha ni marufuku tangu Desemba 2006, kuziweka si marufuku.) Hata za juzi zimo zinazotafutwa. Mwaka 2019 kiwanda cha West Point kilipiga robo dola zenye herufi W, milioni 2 kwa kila moja ya sura tano za mwaka ule, zikaachwa ziende sokoni makusudi ili watu watazame mikononi mwao. Sisi tumepata moja tu.

Haya yote watu huyasimulia kwa furaha. Jambo wasilolisimulia ni karatasi. Mvuvi husifiwa kwa samaki, hakuna anayemsifu kwa kushona nyavu. Na katika mchezo huu, baada ya kuzitazama senti 2,500, bado una kazi ya kuzifunga tena, 50 kwa 50, na kila kifurushi chataka karatasi yake. Ile iliyotoka benki imekwisha chanika ulipokifungua. Hapo ndipo mchezo usiokuwa na gharama huanza kugharimu.

Yafaa tueleze mapatano ya nyumba yetu, maana bila hayo msomaji ataona twahangaikia kitu kidogo mno. Tulipoanza, mama watoto alitutengea dola 100 katika kopo la kahawa, akasema, "Mwalimu, hizi ndizo zako. Zikizaa, ni zako, zikifa, usinijie. Fedha ya chakula na ya nauli haitaingia humu." Tukakubali, nasi tumeshika neno lile hata leo. Kwa hiyo sanduku la nusu dola, ambalo ni dola 500, hatujapata kulifungua maishani. Tunachukua vifurushi viwili vitatu karani akiwa navyo. Masanduku tunayoyaweza ni ya senti, na mara moja moja la senti tano, ambalo humaliza kopo lote.

Sasa tazama hesabu, nasi tuliwapa hata wanafunzi wetu waifanye. Tuseme karatasi moja yauzwa senti 5. Kifurushi cha robo dola ni dola 10, basi karatasi ni sehemu moja katika 200; haionekani. Kifurushi cha senti kumi ni dola 5: sehemu moja katika 100. Cha senti tano ni dola 2: sehemu moja katika 40. Lakini kifurushi cha senti mojamoja ni nusu dola tu, na karatasi ile ile ya senti 5 yala sehemu moja katika kumi! Anayecheza na nusu dola, mwenye mtaji mkubwa, hulipa kidogo. Anayecheza na senti, mwenye kopo la kahawa, ndiye hulipa zaidi kuliko wote. Sanduku moja la senti lataka karatasi 50, yaani dola mbili na nusu. Masanduku kumi yangetumalizia dola 25, robo ya mtaji wetu, tusipate kwa hizo chochote ila karatasi zilizorudi benki. Twaona ajabu kwamba maskini hulipia hata kifungashio kwa bei ya juu, lakini hilo si jambo la Marekani peke yake. Anayenunua sukari ya kikombe kimoja kimoja dukani alijua zamani.

Tukikumbuka ya kwetu, wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Senti za Afrika ya Mashariki za wakati wa ukoloni, ile ya senti moja, ya tano na ya kumi, zilikuwa na tundu katikati. Na Wajerumani kabla ya hapo walipiga heller tano zenye tundu, za mwaka 1913 na 1914. Mtu alizitunga kwa uzi, akafunga fundo, akavaa mzigo wake akaenda sokoni. Bibi yetu aliweka utungo kama huo katika sanduku lake la mbao hata baada ya fedha ile kuondolewa, uzi wenyewe ukiwa wa katani, umekuwa mweusi kwa mikono. Kuhesabu alihesabu kwa kupitisha kidole, bila kufungua. Aliyetoboa senti zile sijui kama alifikiri habari ya karatasi, lakini aliwapunguzia watu gharama.

Turudi kwetu mezani. Njia ya kwanza ya kupata karatasi ni kuziomba benki. Benki nyingi hapa huwapa wateja wao bure, kwa kuwa ni faida yao sarafu ziletwe zimehesabiwa. Lakini bure ina mipaka yake. Karani hukupa kumi, ishirini akiwa na moyo mwema. Ukirudi wiki ya pili hukutazama. Ukirudi ya tatu husema zimekwisha. Wala hatumlaumu. Mtu anayeomba karatasi 50 kila wiki ili arudishe senti zile zile alizozichukua juzi ni mzigo, na karani hana mshahara wa kubeba michezo ya watu.

Njia ya pili ni maduka ya bei rahisi, yanayouza pakiti ndogo zenye rangi mchanganyiko. Rangi hizi si pambo: nyekundu ni ya senti mojamoja, buluu ni ya senti tano, chanikiwiti ya senti kumi, rangi ya chungwa ya robo dola, na hudhurungi ya nusu dola. Ubaya wa pakiti ya mchanganyiko ni kwamba yakupa usichokitaka. Sisi tulitaka nyekundu, na kila pakiti ilituletea chanikiwiti na za rangi ya chungwa tusizokuwa na fedha ya kuzijaza. Zilirundikana kabatini kama viatu vya mguu mmoja.

Njia ya tatu ni kuzitumia tena zile za zamani. Karatasi iliyofungwa kwa mashine ya benki haifai: imebanwa kwa nguvu, nayo hupasuka. Lakini vifurushi vilivyofungwa kwa mkono na wateja wengine hufunguka vizuri ukiwa mpole. Kunjua mdomo mmoja tu kwa ncha ya kijiko, mimina sarafu taratibu, na ule mdomo wa pili uuache kama ulivyo. Umepata karatasi iliyo tayari. Yaweza kutumika mara mbili, ya tatu tukiomba Mungu. Jambo hili tulifundishwa na jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, ambaye amecheza mchezo huu tangu ujana wake. Mzee huyu hatupi kitu. Hata zile ncha zilizochanika yeye huandikia orodha ya vitu vya sokoni.

Tulijaribu pia kukata karatasi zetu wenyewe kwa karatasi ngumu ya mifuko ya dukani, tukaandika thamani kwa kalamu, kazi safi kwa macho yetu. Benki ikazikataa, kwa kuwa haikuona rangi wala maandishi iliyoyazoea.

Mwisho tulikuja kwenye njia tuliyoishika, nayo ni karatasi bapa kwa elfu. Karatasi hizi ziko za namna mbili. Namna moja zimekwisha pindwa mdomo upande mmoja, wewe kazi yako ni kudondosha sarafu ndani na kukunja juu. Ni raha, nazo ni za bei. Namna ya pili huja bapa kama bahasha isiyo na mkia. Ni juu yako kuzitanua na kukunja ncha zote mbili. Hizi ndizo rahisi, hasa ukinunua elfu moja za rangi moja. Sisi tulinunua elfu moja nyekundu, na karatasi moja ilitupata kwa chini ya nusu ya bei ya zile za pakiti. Fedha ile ilitoka katika kopo, mama watoto akiwa shahidi, na mwezi mzima tulicheza na mtaji mdogo.

Karatasi bapa ina ukaidi wake. Ukiijaza bila ujuzi, sarafu hulala kingo, na kifurushi huwa na kiuno kama nyigu. Hivi ndivyo tufanyavyo: panga sarafu kumi kumi mezani, minara mitano. Itanue karatasi kwa kuibonyeza kingo, uipitishe kwenye kidole cha shahada mpaka ncha ya kidole ikaribie mdomo wa juu, ukikifanya kidole kuwa sakafu. Tia mnara wa kwanza, ukishusha kidole kadiri zinavyoingia. Zikifika kati na kati zitakaa zenyewe. Kisha kunja ncha moja kwa dole gumba, ukizunguka kama mtu afungaye ukili, geuza, gonga mezani mara mbili, kunja ya pili. Binti yetu wa miaka tisa hufunga kimoja huku sisi twatafuta mwanzo wa karatasi. Vidole vyake ni vyembamba, na hilo ni jambo ambalo elimu haiwezi kumshinda.

Tena mzee wa reli alitupa shauri moja ambalo wakati ule tuliliona la ushupavu. Alisema, "Kila kifurushi unachokifunga, kiandike namba ya hesabu yako ya benki na tarehe, kwa wino. Nacho kipime." Tukauliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu wewe ni mgeni." Hakusema zaidi. Nasi kwa kuwa tu walimu na daftari hatukosi, tukafanya. Robo dola 40 za sasa huwa gramu 226.8, bila karatasi. Tulipima kwa mizani ya jikoni na kuandika kila uzito katika daftari la mistari.

Siku moja tulipeleka benki tuliyokuwa nayo wakati ule vifurushi vinane vya robo dola, yaani dola 80, karibu mtaji wetu wote. Vilipokelewa. Baada ya siku nne tukaitwa kwa simu tuje kumwona msimamizi. Tulipofika, tulikuta kifurushi kimoja mezani kwake kimefunguliwa. Akasema mfanyabiashara mmoja alikinunua, akakuta robo dola 38 na moja ya Kanada, yaani 39 kwa jumla, na kwamba katika wiki ile ni sisi peke yetu tulioleta vifurushi vya kufunga kwa mkono. Hakusema wezi. Alisema "watu wa namna hii," kisha akasema huenda benki isiweze kuendelea na hesabu yetu.

Msomaji apime uzito wa neno lile. Fedha yenyewe ilikuwa nusu dola, pungufu kidogo. Lakini mtu aliyekaa katika nchi ya wengine hujua kwamba hesabu ya benki ikifungwa kwa sababu mbaya, sababu ile huandikwa mahali. Ndimo mshahara wetu huingia, ndimo kodi ya nyumba hutoka. Na juu ya hayo sisi hufundisha watoto wa watu. Tulikaa tukiitazama ile robo dola ya Kanada, na sura ya malkia juu yake.

Tukamwomba atuonyeshe karatasi. Alikuwa hajaitupa, naye alitupa bila shida. Tukaiweka juu ya meza. Ilikuwa ya namna ile iliyokwisha pindwa mdomo, ambayo sisi hatukuwa tumeinunua kamwe. Wala haikuwa na wino. Tukamwambia, "Bwana, vyetu vyote vina namba ya hesabu yetu na tarehe. Tazama katika droo kama vimebaki." Akaenda yeye mwenyewe, akarudi na viwili, na juu yake maandishi ya binti yetu, tarakimu kubwa kubwa za mtoto wa shule. Tukafungua daftari tukamwonyesha uzito wa vinane vyote. Tukamwomba avipime vile viwili. Alivipeleka kwa karani, na baada ya muda akarudi akasema ni sawasawa.

Akasema, "Basi si chenu." Hatukuambiwa ni cha nani. Wala pole hatukuipata, labda hana ruhusa ya kuitoa. Aliongeza kwamba kwa jinsi mambo yalivyo benki ingependa tusilete tena vifurushi vya mkono. Tukasema vema, tukamshukuru, tukatoka. Njiani mama watoto aliuliza kimya kimya kama daftari lile tulikuwa nalo kwa bahati. Tukamjibu ya kuwa lilikuwa katika mfuko kila tulipokwenda benki, tangu siku mzee aliposema neno lile.

Baada ya hapo tulihamisha shughuli hii katika chama cha akiba na mikopo kilicho karibu na shule. Wanayo mashine ya kuhesabia, na mwanachama hamwagi ada. Ndiyo njia ya kuepuka karatasi kabisa: unamimina senti kwenye mdomo wa mashine, inatoa hati, unapewa fedha. Twamsihi msomaji asiichanganye na zile zilizowekwa katika maduka makubwa, ambazo hukata ada iwezayo kupita sehemu moja ya kumi. Hiyo ni mbaya kuliko karatasi za bei yoyote. Lakini hata mashine ya chama ina tabia zake. Nusu dola haizipokei. Jumamosi huwa imejaa, hailii. Na mzee wa reli huona haya kuitumia, asema mtu aliyechukua vifurushi yampasa kurudisha vifurushi. Tena iko adabu nyingine katika mchezo huu ambayo twaipenda: usirudishe sarafu ulizokwisha zitazama mahali pale pale ulipozichukua. Kwanza wawachosha makarani. Pili utauziwa wiki ijayo zile zile ulizozitazama, ukakesha ukizisalimu.

Kwa hiyo karatasi bado tunazo na bado twazitumia, hasa kwa zile tunazoziweka. Senti za shaba twazifunga 50 kwa 50 na kuandika mwaka. Za masuke ya ngano zina vifurushi vyao sita na nusu. Vipande vya fedha ni vichache, havijazi hata kifurushi kimoja cha senti kumi. Vimekaa ndani ya karatasi ya chanikiwiti, moja ya zile tulizozidharau, nayo imekunjwa katikati kwa kukosa cha kuijaza. Hatuviuzi. Tulimwahidi binti yetu, naye hukumbuka ahadi kuliko benki.

Jambo lililobaki ni la senti zenyewe. Mwaka wa hesabu wa 2024 kupiga senti moja kulikuwa kumefika senti 3.69, na tarehe 12 Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kilipiga senti ya mwisho iliyokusudiwa kutumika sokoni, baada ya miaka zaidi ya 230 tangu zile za kwanza za mwaka 1793. Senti zilizoko bado ni fedha halali. Lakini chama chetu sasa huzipata kwa shida, na karani hutuambia, "Mwalimu, leo hakuna," kama mwuza maziwa siku ambayo ng'ombe amegoma. Mzee wa reli alikuwa na furaha ya ajabu siku ile habari ilipotoka. Asema sasa watu watamwaga makopo yao, na tutaona mambo ambayo hayakuonekana tangu 1965. Huenda ni kweli. Alikuwa kijana wakati ule, naye aliona.

Mama watoto aliuliza jana karatasi nyekundu zimebaki ngapi. Tukazihesabu: 312. Aliuliza zitafanya kazi gani senti zikikoma, tukakosa la kumjibu, akachukua moja akafungia mbegu za mchicha. Sanduku la mwisho tulilolipata liko chini ya kitanda, vifurushi vyote 50 havijafunguliwa. Binti yetu ataka tulifungue Jumamosi, na mzee amekwisha uliza saa ngapi.